Bronche wa Kishimoni

Kwa miaka ishirini na tisa Bronche Zilberfarb aliwajua watu kwa viatu vyao. Velvel Burshtin, mwenye kundi la maigizo, kisigino chake cha kulia kililika upande mmoja, maana alikuwa mtu wa kujishaua na kila akisimama aliegemea huko huko. Mama mkwe wa Velvel, aliyeigiza mabibi wote, alivaa viatu vya kitambaa kwa sababu miguu ilimvimba. Anshel, mumewe Bronche, alitanguliza vidole, kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto. Hata leo, ukimwuliza Bronche mumewe alikuwaje ujanani, ataanza na viatu.

Bronche alikuwa mnong'onezaji. Alikaa katika kishimo mbele ya jukwaa, kichwa usawa wa mbao, kijumba cha bati kikimficha asionekane na watazamaji, daftari la mchezo mapajani na kitaa kidogo pembeni. Usije ukadhani kazi yake ilikuwa kumkumbusha mwigizaji neno moja lililomponyoka. Hayo ni ya kumbi za matajiri. Katika Ukumbi wa Alborada, mtaa wa Once, Buenos Aires, kundi la Velvel lilitoa mchezo mpya wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya mashariki, karibu kila wiki, na waigizaji walikuwa hao hao mafundi cherehani na wapiga pasi. Nani angepata wasaa wa kukariri? Bronche alisoma mchezo mzima, mwanzo hadi mwisho, nusu sentensi mbele yao, na wao waliyatoa yale maneno kwa sauti kubwa na machozi juu yake. Kilichotoka kishimoni, mdomo ulisema. Hawakukisaili.

Enzi zile, jamani! Watu walishona siku sita, na ya saba walikuja kulia. Walikuja na watoto wa kunyonya, na samaki wa chumvi kwenye gazeti, na mbegu za alizeti ambazo maganda yake yalifika mpaka kishimoni yakaingia kwenye nywele za Bronche. Mwovu akitokea alizomewa. Siku moja mama mmoja wa safu ya tatu alivua kiatu akamtupia Velvel, akapaza sauti, "Mrudishie mjane nyumba yake, mwizi we!" Velvel akakiokota, akakibusu, akaendelea na wizi wake. Ukumbi ule sasa ni duka la matandiko. Bronche akipita hapo hugeuza uso upande wa pili, kama mtu aliyemwona mchumba wake wa zamani na mke mwingine.

Mchezo uliompa Anshel jina uliitwa Mtengeneza Saa wa Brodi. Aliigiza baba mjane ambaye mtoto wake wa pekee anafariki kwa homa. Mtoto huyo aliigizwa na binti yao wenyewe, Perele, ambaye mwaka 1946 alikuwa na miaka minane. Mara ya kwanza Perele alikula supu ya njegere kabla ya kupanda jukwaani, na alipokwisha kufa, baba yake amepiga magoti na wanawake wanatafuta vitambaa vya kujifutia machozi, tumbo la maiti likanguruma mpaka safu za nyuma. Mtu akasema huko gizani, "Mpeni chakula huyo marehemu!" Ukumbi ukaangua kicheko, mchezo ukaharibika. Tangu siku hiyo Perele alipanda na njaa. Pazia likishuka tu Anshel alitoa mfukoni yai la kuchemsha, akalimenya kwa vidole vyake vyenye rangi za uso, akampa. Alimenya taratibu, ganda likitoka kwa vipande vikubwa, huku akimtania, "Umekufa vizuri leo, binti yangu. Kesho jaribu kufa bila kujikuna."

Kwenye mchezo huo, baba alisimama mbele ya kitanda akasoma kadishi, sala wanayosomewa wafu. Na hapa kundi la Velvel lilikuwa na mwiko wake. Kadishi ya jukwaani haikusomwa nzima. Neno moja liliachwa makusudi, ili sala iwe kiwete na isifike inakokwenda. Aliyeshika mwiko huo kuliko wote alikuwa Anshel. "Sala nzima ni ufunguo," alikuwa akisema. "Usiutie kwenye kitasa halafu ukashangaa mlango umefunguka." Kumsomea kadishi mtu aliye hai, kwake, ilikuwa ni kumchimbia kaburi na kumwita aje alale. Bronche aliandika kwa wino mwekundu katika daftari lake, kabla ya lile neno: RUKA.

Sasa nisemeje hili bila kumsingizia mwanamke wa watu? Nitalisema lilivyokuwa.

Watu wa Bronche walibaki Poland, katika mji mdogo karibu na Lublin. Vita ilikuwa imekwisha mwaka mzima na hakuna barua. Mara mbili Bronche alimwomba mumewe aende sinagogi akawasomee kadishi, maana kwa desturi zao mwanamke hakuisoma, na kaka za Bronche walikuwa huko huko na wengine. Mara zote mbili Anshel alikataa.

"Una barua?" aliuliza.

"Sina."

"Una kaburi?"

"Anshel, dunia nzima inajua yaliyotokea."

"Dunia nzima haimjui mama yako. Labda yupo msituni anachuma uyoga na kuwatukana Wajerumani. Mimi simsomei kadishi mtu ambaye huenda anachuma uyoga."

Barua ilifika Ijumaa moja ya Julai, kwenye baridi kali. Ilitoka kwa jirani, mtu wa pekee aliyerudi mjini. Ilikuwa na majina saba: baba yake Mendel, mama yake Gitel, kaka zake Yosl na Henekh, dada yake Tsirl, na watoto wawili wa Tsirl, Rivka na Motele. Motele Bronche hakuwahi kumwona. Aliisoma akiwa amesimama jikoni, akaikunja, akaitia kifuani. Jumamosi kulikuwa na onyesho, Jumapili mawili. Alijiambia atamwambia Anshel Jumatatu, maana mwigizaji mwenye msiba haruhusiwi kupanda jukwaani na mwigizaji asiyepanda hali. Akavumilia.

Jumapili alasiri, onyesho la kwanza, akashuka kishimoni na barua ile kifuani. Mchezo ukaenda. Perele akafa. Viatu vya Anshel vikasogea, vidole kwanza, vikasimama mbele ya kitanda, akaanza kadishi. Bronche alimtangulia nusu sentensi kama siku zote. Akafika penye wino mwekundu. Kidole chake kilikuwa juu ya neno RUKA, na macho yaliliona.

Hakuruka. Alilitamka lile neno, kwa mnong'ono ule ule. Mdomo wa Anshel, uliozoea kutii miaka kumi na moja, ukalisema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. Sala ikawa nzima. Na watu mia tatu, ambao wengi wao walikuwa na barua zao vifuani au walisubiri moja, wakasimama kwa pamoja wakaitika amina, mpaka vumbi likadondoka kwenye bati la kijumba. Bronche alilia humo shimoni na akaona raha. Tusimfiche, aliona raha kubwa. Watu wake saba walikuwa wamesomewa, tena na umati.

Pazia liliposhuka alipanda ngazi ya nyuma. Anshel alikuwa amesimama na yai mkononi, halijamenywa. Perele alikuwa mbele yake na gauni la maiti, mkono ameunyosha, anasubiri. Anshel hakumtazama mtoto. Alimtazama mkewe.

"Bronche, lile neno. Ni wewe uliyenipa?"

Angesema ndiyo, na mimi nisingekuwa na cha kusimulia. Wangegombana, wangelia, wangekaa chini siku saba kuomboleza, yangekwisha. Lakini alimwona jinsi alivyobadilika rangi, na hofu ikamshika: hofu ya mwiko aliouvunja kwa mdomo wa mtu mwingine bila ruhusa, na kinywa cha mumewe alichokiazima kama sufuria ya jirani.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilikuambia uruke. Sikukupa neno lolote."

"Nimelisikia."

"Si kwangu."

"Basi ni nani?" aliuliza Anshel. Akalitia yai mfukoni, na ganda lake.

Barua aliitoa baada ya juma moja, akadai imefika siku hiyo. Anshel alikwenda sinagogi akawasomea kadishi wakweze na mashemeji kwa heshima zote, lakini ilikuwa kama mtu anayelipa nauli ya safari ya mwingine. Yeye alikuwa na msiba wake. Alikuwa amemsomea binti yake kadishi nzima, watu mia tatu wameitika, na aliyempa neno hakuwa mkewe. Palikuwa na sauti nyingine humo kishimoni. Mwezi haukuisha, akaanza kuisikia nyumbani pia: kwenye bomba la maji, kwenye cherehani ya ghorofa ya juu. Na mtoto aliyekuwa akizunguka mezani na mikia miwili ya nywele, Anshel alimtazama kwa huruma na adabu, akamwita bibie. Perele alikufa, alieleza, na Velvel, kwa ujanja wake wa biashara, kaleta mwigizaji mwingine amshikie nafasi. "Wamefanana sana," alisema. "Hata alama ya goti wamemchora."

Madaktari walimlaza, wakamtoa, wakamlaza tena. Walimpitishia umeme kichwani kama walivyowafanyia wengi wakati ule. Alirudi mpole, amenenepa, mikono inatetemeka, na bado anamwita binti yake bibie. Jukwaani hakupanda tena baada ya 1949. Lakini kitu kimoja hakikumtoka: alitii mnong'ono wa Bronche. Sauti zile zikimzidi, Bronche aliinama sikioni pake, "Hao si mimi. Mimi ndiye huyu. Shika kikombe. Kunywa. Sasa vaa koti," naye akashika, akanywa, akavaa. Mchana Bronche alishona vifungo kwa kibarua, jioni alinong'onezea kundi mpaka lilipovunjika, na katikati alinong'onezea maisha ya mtu mmoja. Watu walimsifu. Walisema, huyo ndiye mke. Kila sifa ilimchoma.

Maana kila mwaka, siku ile ya Julai, Anshel aliwasha mshumaa wa kumbukumbu katika glasi, wa kuwaka kutwa kucha, akamwombea Perele. Halafu alimgeukia mkewe na kumwuliza swali lile lile. "Bronche, siku ile ilikuwa sauti yako?" Na Bronche akajibu, "Haikuwa yangu." Mwaka Perla alipotimiza kumi na sita, maana shuleni walishaanza kumwita Perla, aliusogelea ule mshumaa, akaupuliza ukazimika. "Mimi nipo!" alipiga kelele. Anshel alijishika kichwa akalia kama mtoto. Bronche akamzaba binti yake kofi. Lilikuwa kofi la kwanza na la mwisho, na ndilo lililomnyima Bronche usingizi kuliko uongo wote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa Bronche haikuwa kifo, ilikuwa koo. Mwaka 1984, akiwa na miaka sabini na mitatu, sauti ilianza kukwaruza, na daktari akamwambia kikoromeo chote lazima kitolewe, tarehe ishirini na tatu Julai. Atapumua kwa tundu shingoni. Kusema, hata kunong'ona, ndiyo basi.

Alihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni. Zilibaki kumi na moja, na siku ya mshumaa ilikuwa ya saba. Hilo lilikuwa swali lake la mwisho kuulizwa ambalo angeweza kulijibu. Akilijibu kwa uongo tena, Anshel angekufa akiwa na sauti ngeni kichwani na Perla angebaki marehemu wa babake mpaka mwisho.

Alimwambia Perla kwanza. Perla alikuwa na duka la dawa Villa Crespo, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye miwani ya kamba, aliyezoea kuwasikiliza watu wakieleza aibu zao juu ya kaunta. Alisikiliza mpaka mwisho. Chai ilipoa katika glasi.

"Rudia," alisema.

"Nimeshasema, mwanangu. Koo linauma."

"Rudia, Mama. Lile la mwisho."

"Lile neno nilimpa mimi."

Perla alivua miwani. "Mimi kila Alhamisi nampelekea vitumbua vya jibini. Miaka yote hii. Ananiambia, 'Ahsante bibie, leo umeigiza vizuri kuliko wiki jana.' Natoka pale nalia kwenye kituo cha basi. Najiuliza nilimkosea nini. Nilidhani nilijikuna! Unajua hilo? Nilidhani siku ile nilijikuna nikiwa maiti, akakasirika."

"Hukujikuna."

"Na ulinipiga kofi."

"Nilikupiga."

"Kwa mshumaa wangu mwenyewe!"

Perla aliinuka, akaosha glasi mbili ambazo zilikuwa bado zina chai, akavaa koti, akaondoka. Siku tano hakupiga simu. Siku ya sita alipiga, hakusalimu. "Nimeongea na daktari wake," alisema. "Anasema ugonjwa wa Baba ungekuja tu, mjomba wake alikuwa nao. Anasema neno moja halimfanyi mtu kichaa, kwa hiyo usijipe cheo. Anasema pia kwamba mgonjwa ukimdanganya humponyi. Nitakupitia kesho saa nne."

Anshel aliishi katika nyumba ya wazee, ghorofa ya chini, bustani ikiwa na mlimau mmoja. Siku ile walimkuta kwenye chumba cha kulia, glasi ya mshumaa mbele yake, wazee wenzake kwenye meza za jirani wakisubiri chakula cha mchana. Ramona, muuguzi, alikuwa amemnyoa na kumvalisha shati jeupe.

"Mzee wetu leo mtanashati," alisema Ramona. "Nimemwuliza anakwenda kuoa wapi."

"Nina mke," alijibu Anshel. "Huyo anakuja. Na bibie mwigizaji. Karibu, bibie. Umechoka leo. Velvel hakulipi vizuri?"

"Velvel amekufa, Baba," alisema Perla.

"Basi ndiyo maana." Akawasha mshumaa, akasema maneno yake. Halafu, kama saa ya ukutani inayofika mahali pake pa kugonga, akamgeukia mkewe. "Bronche, siku ile ilikuwa sauti yako?"

Bronche alikuwa amejiandalia hotuba. Yote ilimtoka. Mtu aliyewapa wengine maneno miaka ishirini na tisa, siku yake ya kusema hakuwa na wa kumnong'onezea.

"Yangu," alisema.

Anshel alikunja uso. "Wewe husema haikuwa yako."

"Nilisema uongo. Kila mwaka. Nilikuwa na barua kifuani siku ile, Anshel. Ilishafika. Nikaona wino mwekundu na sikuruka. Hakukuwa na mtu mwingine shimoni. Mimi peke yangu."

Anshel akapiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vikaruka. "Miaka thelathini na minane namtafuta mwenye ile sauti!" alisema, na ilikuwa sauti ya zamani, ya kufika mlangoni. Mzee aliyekuwa anasinzia akashtuka. "Nimemtafuta kwenye mabomba! Nimewaambia madaktari yupo, wakanichoma umeme! Na wewe unanivalisha koti! Unaniambia, mimi ndiye huyu!"

"Ndiyo."

"Basi ilikuwa ya nani? Nilimsomea nani? Sala nzima haiendi bure. Ilikwenda kwa nani?"

Ramona alikuja mbio, Perla akamzuia kwa mkono. Bronche alivuta kigoda cha kuwekea miguu, akakaa, na kwa kuwa kilikuwa kifupi kichwa chake kikawa usawa wa meza. Koo lilimwuma kama limemwagiwa mchanga. Alianza kunong'ona, nusu sentensi mbele.

"Kwa Mendel mwana wa Shloime."

Midomo ya Anshel ilisogea. Sikio lilikuwa la mzee lakini tabia ilikuwa ya mwigizaji. "Kwa Mendel mwana wa Shloime," alisema kwa sauti.

"Kwa Gitel binti wa Motl."

"Kwa Gitel binti wa Motl."

Yosl. Henekh. Tsirl. Bronche aliyatoa moja moja na Anshel aliyapokea moja moja. Alipofika kwa Rivka, sauti ilimkatika, akameza mate, akarudia. Motele alimtaja wa mwisho. Kisha bila kuambiwa Anshel akashika ukingo wa meza, akasimama, akaanza kadishi. Hakumngoja Bronche. Alipofika mahali pa wino mwekundu alitua, akamtazama mkewe pale chini. Bronche akalitamka neno. Anshel akalisema. Wazee wa meza za jirani walikuwa wameshainuka, wengine kwa fimbo, mmoja na kitambaa cha chakula shingoni, wakaitika amina.

Perla alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alisubiri baba yake amgeukie. Mimi nisingeweza kusubiri vile. Anshel alikaa, akajifuta midomo, akamwambia Ramona amechoka. Alipita mbele ya binti yake bila kumtazama usoni, akaenda chumbani. Vidole vilitangulia.

"Sawa," alisema Perla kwenye basi. "Sasa nimejua. Hata hilo ni kitu." Alimshika mama yake mkono mpaka walipofika, na Bronche alijua si kwa sababu kila kitu kilikuwa sawa.

Tarehe ishirini na tatu walimpasua. Wiki tatu baadaye, Alhamisi, alikwenda kumwona mumewe, skafu ya bluu imefunika tundu la shingoni. Hakuwa na mnong'ono wala mkwaruzo. Alikaa mezani mikono mapajani, kama mtazamaji, na hofu yake ilikuwa moja: kwamba Anshel atatafuta sauti yake, ataikosa, na zile nyingine zitaingia mahali pake. Ramona alimwambia kwamba kwa siku kadhaa mzee alikuwa akikaa na kikombe mkononi bila kunywa, anasubiri. Halafu siku moja alikunywa mwenyewe.

Perla aliingia na vitumbua vyake.

"Karibu, bibie," alisema Anshel.

Perla akatabasamu kama aliyezoea, akaweka kisahani. Bronche alishusha macho. Chakula kililetwa: supu, mkate, yai moja la kuchemsha kwa kila mtu. Anshel hakugusa supu. Alichukua yai lake, akaligonga ukingoni mwa sahani, akaanza kulimenya. Mikono ilitetemeka sana na ganda lilitoka vipande vidogo vidogo, vingine vikaanguka kwenye supu. Ramona alitaka kumsaidia, Anshel akamsukuma kwa kiwiko. Ilimchukua muda mrefu mpaka supu ikapoa. Midomo ya Bronche ilikuwa ikisogea yenyewe, bila sauti, kwa mazoea tu. Hakuna aliyemnong'onezea mtu neno lolote chumbani mle.

Yai lilipokuwa jeupe lote Anshel alilifuta kwenye shati lake, akanyosha mkono, akampa Perla.

"Kula," alisema. "Umelala sana."

Perla alilila lote, bila chumvi.